Makaa ya Mui na Kazi ya Wajuzi wa Miamba

Kila yatokapo matokeo ya mitihani, wazazi hutujia baada ya swala na swali lile lile: kijana asomee nini? Majibu nayo yamezoeleka. Udaktari, sheria, uhasibu, au, kwa wale waliokwisha kata tamaa na karo, safari ya Ghuba. Wiki hii twapenda kuliingiza katika mazungumzo ya nyumbani jina la fani ambayo ni nadra kusikika barazani kwetu. Nayo ni jiolojia, elimu ya miamba na yaliyomo tumboni mwa ardhi. Mfano wetu hatutautoa Ulaya. Tutauchukua Kitui na Makueni, kwa jirani zetu Wakamba, ambao misafara yao ya pembe ilikuwa ikiteremka hadi Mombasa tangu zamani, kabla ya reli na kabla ya serikali ya mkoloni.

Kitui twaitaja kwa sababu yake. Mashariki ya mji huo liko Bonde la Mui, na chini ya bonde hilo kuna makaa ya mawe. Wizara ya Nishati ilianza kuchimba visima vya utafiti huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Bonde likagawanywa sehemu nne, A hadi D, na katika sehemu moja peke yake ikakadiriwa kuwa kuna tani zipatazo milioni 400. Mwezi wa Disemba mwaka 2013, serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ya Fenxi kwa sehemu za C na D. Wakati huo huo huku pwani ukaja mpango wa mtambo wa umeme wa makaa huko Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050. Mpango ulisema kwamba mtambo utaanza kwa makaa ya kununuliwa Afrika Kusini, kisha utalishwa na makaa ya Kitui. Basi moshi ambao watu wa Lamu waliukataa ulikuwa utoke katika ardhi ya watu wa Mui.

Yaliyofuata Lamu, wasomaji wetu wanayajua. Wavuvi, wazee wa mitaa na vijana walisimama pamoja, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni ya mtambo ule, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini yaliyofuata Mui hayakusimuliwa sana. Mgodi haukuchimbwa. Wenyeji walioambiwa wajiandae kuhama walikaa miaka mingi wasijue kama wajenge nyumba ya mawe au wangojee fidia, kama wapande miembe au waache. Kesi waliyoipeleka mahakamani iliamuliwa mwaka 2015, na hukumu yake hunukuliwa hadi leo mawakili wanapobishana juu ya maana ya kuwashirikisha wananchi. Haikuwapa walichokitaka. Iliwapa nafasi katika vitabu vya sheria, na huo si mlo.

Sasa tuulize: wale vijana waliosomea miamba wakitarajia kazi ya makaa, wamepotea? Na mzazi wa leo aonaye dunia inaacha makaa na mafuta, je, ana haki ya kusema kwamba jiolojia ni elimu ya jana? Rai yetu ni kwamba sivyo, na ushahidi uko hapa hapa nchini.

Umeme mwingi utumikao Kenya leo hautokani na makaa wala dizeli. Sehemu kubwa hutoka katika jotoardhi, yaani mvuke uliomo chini ya Bonde la Ufa. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, katika miaka ya 1950, na havikuzaa kitu cha maana. Kazi ikarudiwa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzunguka. Leo Kenya ndiyo ya kwanza Afrika katika nishati hii na imo katika nchi kumi za mbele duniani. Kampuni ya KenGen huzalisha huko Olkaria, na shirika la serikali la GDC, lililoundwa mwaka 2008, huchimba Menengai karibu na Nakuru, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi mwaka 2023.

Kazi hiyo ifahamike ilivyo, maana watu wengi hudhani ni suala la mashine kubwa tu. Kabla mashine haijafika, hutangulia mjuzi wa miamba akitembea kwa miguu, nyundo mkononi, akichora ramani ya nyufa na aina za mawe. Humfuata mjuzi wa kemia ya ardhi, achukuaye sampuli za mvuke na maji ya chemchemi za moto, na kutokana na chumvi zilizomo hukadiria joto lililoko chini asikoweza kufika. Kisha huja mjuzi wa fizikia ya ardhi na vyombo vyake vya kupima jinsi umeme upitavyo katika tabaka za chini, kwa kuwa mwamba uliobadilishwa na maji ya moto haupitishi umeme sawa na mwamba mkavu. Wote watatu wakiafikiana, ndipo mtambo wa kuchimba huletwa. Kisima huenda chini kiasi cha kilomita tatu na hugharimu mamilioni ya dola. Wakikosea mahali, fedha zimezama shimoni. Na hata kisima kikianza kutoa mvuke, mjuzi haondoki, kwani ni lazima aangalie maji yarudishwe chini kwa kadiri, ili hazina isikauke.

Wakenya waliojifunza kazi hii sasa huitwa na majirani. KenGen imechimba visima Ethiopia na Djibouti. Tanzania ina shirika lake la jotoardhi linalotafuta mvuke kusini magharibi ya nchi, na ndugu zetu wa Ngazidja wamekuwa wakiupima mlima wao wa Karthala. Kijana wa pwani anayejua Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu chake cha madrasa ana faida hapo ambayo wenzake wengi hawana. Kuna nchi za Kiislamu katika pembe hii ya Afrika zinazohitaji elimu hiyo, naye anaweza kuingia mlangoni akasalimia kwa lugha yao.

Turudi Ukambani. Kitui na Makueni hakuna Olkaria. Kuna jua, na kuna kiu. Miamba ya huko ni mikongwe na migumu, haina nafasi ndani yake ya kubeba maji isipokuwa penye nyufa na palipooza. Achimbaye kisima kwa kubahatisha huenda akapata shimo kavu, au maji ya chumvi ambayo ng'ombe huyakataa. Kwa hiyo sheria yataka, kabla ya kibali cha kuchimba, iwepo ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini aliyeidhinishwa. Mtaalamu huyo ni mwanajiolojia. Na zama hizi za pampu za jua zimemwongezea kazi, wala hazikumpunguzia. Zamani dizeli ilikuwa breki. Ilipokwisha, au ilipopanda bei, kisima kilipumzika. Pampu ya jua haina bei ya kila siku. Huvuta tangu asubuhi hadi jioni, na kama hakuna aliyepima kisima kinajazwa kwa kasi gani, siku moja huvuta upepo. Nishati safi isiyo na elimu ya ardhi yaweza kukausha kijiji kwa haraka kuliko moshi wa dizeli. Tunayasema haya kwa kuwa misikiti na wafadhili wetu wana mapenzi makubwa ya kuchimba visima vya sadaka, na mara nyingi fedha zote huenda kwenye pampu na bamba la marumaru lenye jina la mfadhili, huku fungu la upimaji likiwa la mwisho kufikiriwa.

Watu wa Kitui na Makueni wenyewe ni walimu katika jambo hili. Mito yao mingi ni ya msimu, hufurika siku chache kisha hubaki mchanga mtupu. Nao hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto juu ya mwamba usiopitisha maji. Mafuriko yakija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, yamefichwa na jua na mbu. Mabwawa haya ya mchanga yamejengwa kwa mamia tangu miaka ya 1990, na wageni huja kutoka mbali kujifunza. Siri yake yote ni kuujua mwamba: ukuta ukiwekwa penye ufa, maji huponyoka chini. Makueni wakaenda hatua zaidi, wakatunga sheria ya kaunti mwaka 2015 ya kuhifadhi mchanga, baada ya malori kuikwangua mito yao kwa ajili ya majumba ya mijini. Sheria hiyo twaitamani hata huku kwetu.

Pale Mto Thwake ukutanapo na Mto Athi, mpakani mwa kaunti hizo mbili, ndipo linapojengwa Bwawa la Thwake. Ukuta wake ni wa mita 80.5 kwenda juu, na limepangwa kubeba maji mita za ujazo milioni 688, kwa kunywa, kwa kilimo na kwa umeme wa megawati 20. Ujenzi ulianza mwaka 2018 kwa fedha za serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na siku ya kumalizika imeahirishwa zaidi ya mara moja. Mzigo wa maji kama huo haupumzishwi juu ya ardhi isiyojulikana. Msingi hutobolewa na kupimwa, nyufa hujazwa saruji kwa shinikizo, na mawe ya kujengea huchaguliwa kwa sifa zake. Hata minara ya upepo iliyoko karibu na Ziwa Turkana, 365 kwa idadi, kila mmoja umesimama juu ya msingi ambao mtu alipima udongo wake kwanza.

Kuna na upande wa madini. Betri, nyaya na mitambo ya upepo vyahitaji shaba, nikeli, risasi ya penseli iitwayo grafiti, na yale madini adimu ambayo majina yake hayajaingia katika Kiswahili. Ukanda wa miamba upitao Kitui na Makueni washuka Taita, waingia Tanzania hadi Msumbiji, na ndani yake mna grafiti. Magharibi ya Tanzania kuna nikeli ya Kabanga. Na Kwale, mlangoni mwetu, Mlima Mrima una madini adimu, na juu yake msitu wa kaya ambao wenyeji wauheshimu. Kwa hiyo habari ya Mui yaweza kurudi kwa sura nyingine huku huku kwetu.

Hapo ndipo twaona uzito wa jambo hili, kupita mshahara. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeweka kwamba katika mrabaha, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii ya mahali. Lakini asilimia kumi ya nini? Kati ya mwanakijiji na mkataba huwa imesimama ripoti, imejaa kina cha visima, unene wa tabaka na tani zilizokadiriwa. Asiyejua kuisoma huambiwa maana yake na yule yule atakayeichimba ardhi yake. Laiti pale Mui kila kata ingekuwa na mtoto wake mmoja wa kuikalia ripoti ile kitako na kuwaeleza wazee wake kwa Kikamba ni wapi wachimbaji watafika na maji ya visima yatakuwaje. Mtaalamu huyo angekuwa shahidi, na ushahidi ni amana. Twasema kwa vijana watakaoifuata fani hii: kalamu ya mwanajiolojia yaweza kuhamisha watu elfu. Ajuaye kwamba kisima ni kikavu akaandika kuwa kina maji kwa ajili ya posho, hesabu yake haiishii kwa bodi ya wanajiolojia.

Elimu hii wala si ngeni kwetu. Katika Sura Fatir, aya ya 27, Mwenyezi Mungu atutajia milima na mistari yake, myeupe na myekundu na myeusi sana. Na aya ya pili yake ndiyo ile itajayo kwamba wamchao Allah miongoni mwa waja wake ni wenye elimu. Tumezoea kuisoma hii ya pili mimbarini peke yake, tumeikata na milima iliyoitangulia. Wazee wetu katika dini hawakuikata. Ibn Sina aliandika juu ya jinsi milima na mawe yanavyofanyika. Al-Biruni aliyapima mawe ya thamani kwa uzito wa kila aina na akayaandikia kitabu. Al-Karaji, mwanahesabu wa karne ya 11, aliandika juu ya kuyatafuta na kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, kazi ile ile ya mtaalamu wa visima wa Kitui leo.

Na kwa wenye jamaa Oman, habari hii itawapendeza. Milima ya Hajar imejengwa kwa sehemu kubwa na mwamba uliotoka chini kabisa ya ardhi, ambao ukikutana na hewa ya ukaa na maji huishika na kuigeuza jiwe. Kampuni ya Kiomani iitwayo 44.01 imeifanya tabia hiyo kuwa kazi, ikiingiza hewa hiyo ndani ya mwamba ibaki humo, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya Earthshot. Nchi iliyoishi kwa mafuta sasa yawatafuta wajuzi wa miamba kwa shughuli ya kufukia kile ambacho mafuta yaliyatoa. Waliosomea kutafuta mafuta hawakutupa elimu yao, wameigeuza upande.

Njia ya kuingia ni hii. Mwanafunzi aimarishe hesabu, fizikia, kemia na jiografia. Anayeingia Darasa la 10 chini ya mtaala mpya achague mkondo wa sayansi, kwa kuwa kuurudia baadaye ni taabu. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha jiolojia tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, hufundisha jiolojia na elimu ya maji. Taita Taveta, karibu zaidi nasi, wana uhandisi wa madini. Dedan Kimathi huko Nyeri wana taasisi ya jotoardhi. Iceland nayo imekuwa na mafunzo ya miezi sita tangu mwaka 1979, na Wakenya ni miongoni mwa waliofaidika nayo sana. Baada ya shahada, mtu hujisajili na bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1993. Asijidanganye mtu kwamba kazi hugawiwa kama uji wa futari. Wako wahitimu wakaao nyumbani, hasa wale waliosubiri serikali iwaajiri. Waliopata mapema ni wale waliojifunza pia ramani za kompyuta, na waliokubali kufuata mtambo wa kuchimba visima kama wasaidizi tangu wakiwa wanafunzi.

Mabinti nao twaulizwa. Jawabu letu ni kwamba fani hii ina maabara, ramani, uchambuzi wa picha za setilaiti na hesabu za tabaka, na ina safari za porini. Safari zina adabu zake za kisheria ambazo familia yaweza kuzipanga. Hazitoshi kuwa sababu ya kuufunga mlango mzima. Ama swala, msafiri ana ruhusa zake azijuazo kila aliyesoma fiqhi ya mwanzo, na kwa tayammum mwanajiolojia ni mtu wa mwisho kulalamika kwamba amekosa udongo.

Karo ndiyo kikwazo. Kamati za misikiti yetu zatosha kumsomesha kijana mmoja kila miaka minne kwa fedha ziendazo katika mabasi na biriani za ziara. Wengine watatukasirikia kwa neno hili. Tumelisema.

Ama mzazi atakaye kujua kama mtoto wake ana hamu ya fani hii, ampandishe gari la moshi la asubuhi kutoka Mombasa, ashuke Kibwezi, jimbo la Makueni. Wakishapita Voi, upande wa kulia ataona ukingo mrefu uliolala sawa kama meza. Huo ni uwanda wa Yatta, mto wa zaha iliyoganda, wenye urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Upande wa kushoto, baada ya Mtito Andei, ataona vilima vya Chyulu, volkeno changa ambazo moja ya mitiririko yake watu waliipa jina la Shetani kwa hofu ya moto wake. Mvua inyeshayo juu ya Chyulu hupenya katika majivu na mawe yenye matundu, husafiri chini kwa chini, na kutokea chemchemi ya Mzima, ambako tangu miaka ya 1950 bomba huyaleta maji hadi Mombasa. Amwambie mtoto kwamba ndiyo maji aliyotawadhia alfajiri, kisha amwache aulize.